Kanisa la Zamani Kuwa Nyumba ya Sanaa: Tuanzie Wapi?

Katika vijiji vya mteremko wa Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi, waumini wanaongezeka kuliko nafasi ya kukaa. Usharika ambao zamani ulienea ndani ya kanisa dogo la mawe leo una ibada mbili au tatu kila Jumapili, na bado watu wanakaa nje chini ya turubai. Basi unapitishwa mchango, linajengwa kanisa jipya, kubwa, lenye bati la migongo mipana na madirisha ya alumini. La zamani linabaki pembeni. Kwanza linakuwa darasa la kipaimara, kisha stoo ya viti vya plastiki na sufuria za sherehe, na mwisho mtu anasimama kwenye kikao na kupendekeza livunjwe, mawe yake yajengee uzio.

Ndipo vijana wanapouliza: mbona tusipewe sisi? Mwalimu wa kwaya anahitaji mahali pa mazoezi, mchoraji anatafuta ukuta wa kutundika kazi zake, kikundi cha ngoma kimechoka kufanyia mazoezi uwanja wa shule hadi mvua inapokifukuza. Naliunga mkono ombi hilo kwa moyo wote. Mji wa Moshi una kumbi nyingi, lakini karibu zote zinalipiwa kwa bei ya harusi, na msanii anayeanza hawezi bei hiyo.

Tatizo ni kwamba wanaopewa nafasi hiyo mara nyingi huanzia mwisho. Wananunua spika, wanapaka kuta rangi, wanajenga jukwaa. Jukwaa ndilo la mwisho kabisa. Kabla yake kuna mambo yaliyofungamana kiasi kwamba huwezi kutatua moja ukaliacha jingine: nani ana kauli juu ya jengo, kama bado ni mahali patakatifu, sheria inalitazamaje, na kuta zenyewe zinavumilia nini.

Kanisa lililozidiwa

Ukitafuta mifano ya makanisa yaliyogeuzwa nyumba za sanaa, utapelekwa Ulaya. Kanisa la St Luke's huko London lilijengwa kati ya 1727 na 1733, likafungwa mwaka 1959 kwa sababu ardhi chini yake ilikuwa inatitia, paa likaondolewa, likabaki kuta tupu kwa miongo minne. Mwaka 2003 lilifunguliwa upya kama nyumba ya mazoezi na mafunzo ya okestra ya London Symphony. Paradiso ya Amsterdam, ambayo leo ni ukumbi mashuhuri wa muziki, ilikuwa nyumba ya ibada ya karne ya 19 kabla ya kugeuzwa kituo cha vijana mwaka 1968.

Mifano hiyo inafundisha mengi kuhusu mbao na sauti, lakini inatupotosha kwa jambo moja kubwa. Kule, aghalabu jengo hugeuzwa wakati wenye kuabudu ndani yake wamekwisha kuondoka. Kwetu wapo mita hamsini tu kutoka pale, na wameongezeka. Bibi aliyefunga ndoa mbele ya madhabahu ile bado anapita hapo kila Jumapili. Wazee wanakumbuka kusimuliwa jinsi mawe yalivyobebwa kichwani kutoka mtoni. Kwa hiyo huko Ulaya kikundi cha sanaa kinaweza kununua jengo na kuanza kazi, ila huku lazima kwanza kiishi na usharika ulio hai, wenye kumbukumbu, wenye wivu wa haki na jengo lake. Mradi wowote unaosahau hilo utakwama mwaka wa pili, hata ukiwa na fedha.

Hati iko wapi?

Watu wengi wanaamini kanisa ni la usharika au la parokia. Kiutaratibu si hivyo. Usharika hauna nafsi ya kisheria ya kumiliki ardhi. Mwenye hati ni bodi ya wadhamini wa dayosisi au jimbo, iliyosajiliwa chini ya sheria ya muungano wa wadhamini, ambayo leo inasimamiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Na ardhi yenyewe, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Kinachomilikiwa ni haki ya kuitumia kwa muda na kwa shughuli iliyotajwa. Kama hati inasema ibada, kuendesha maonyesho ya kulipia humo si jambo la kuamuliwa na kamati ya ujenzi peke yake. Mabadiliko ya matumizi yanapitia mamlaka ya upangaji, ambayo kwa makanisa ya mjini ni Manispaa ya Moshi, na kwa yale ya mlimani kwa kawaida ni halmashauri ya wilaya.

Jambo hili si la makaratasi tu. Makubaliano mengi kati ya vijana na kanisa ni ya mdomo, yamefanywa na mchungaji mmoja mwenye upendo au paroko mmoja anayependa muziki. Wachungaji na mapadre huhamishwa. Anayefuata hana habari na ahadi ile, au ana mpango wake wa zahanati. Vijana wanaambiwa watoe vitu vyao ndani ya wiki, baada ya kuweka umeme na sakafu kwa fedha za harambee. Sioni ubaya wa mtu yeyote hapo. Tatizo ni kwamba kilichoandikwa hakikuwepo. Mkataba wa pango wa miaka ya kutosha, uliosainiwa na wadhamini wenyewe, ukieleza nani analipa paa likivuja na nini hakiruhusiwi ndani, ndio msingi wa kwanza wa ujenzi. Ningeshauri hata mfuko mmoja wa saruji usinunuliwe kabla yake.

Je, mahali hapa bado ni patakatifu?

Hapa madhehebu yanatofautiana. Kwa Wakatoliki, kanisa lililotabarukiwa haliachi kuwa takatifu kwa sababu tu misa imehamia jirani. Sheria za Kanisa za 1983, katika kanuni ya 1222, zinampa askofu wa jimbo mamlaka ya kuliondoa katika ibada na kuliruhusu litumike kwa shughuli za kawaida, mradi zisiwe za aibu. Kama sababu si ubovu wa jengo bali nyingine nzito, anatakiwa kwanza kuisikiliza halmashauri ya mapadre na kupata ridhaa ya wenye haki katika jengo hilo. Kuna kipengele ambacho wengi hawakijui: kanuni ya 1238 inasema altare, yaani madhabahu, haipotezi utakatifu wake hata kanisa likigeuzwa matumizi. Maana yake ni kwamba huwezi kuiacha altare ya mawe ikawa meza ya mitambo ya muziki. Inapaswa kuhamishiwa mahali pa heshima, na kazi hiyo inahitaji fundi mwashi mzuri na muda, kwa hiyo iingie kwenye bajeti mapema.

Kuna pia njia ya kati, na kwa maoni yangu ndiyo inayofaa zaidi mlimani kwetu: kutoliondoa jengo katika ibada hata kidogo. Barua ya Vatikano ya mwaka 1987 kuhusu matamasha ndani ya makanisa inaruhusu muziki mtakatifu na wa kidini kwa masharti. Tamasha la kwaya linaweza kufanyika bila kugusa hadhi ya kanisa. Mchezo wa kuigiza juu ya siasa za kijiji, hapana.

Kwa Walutheri, msingi ni mwingine. Luther alipozindua kanisa la Torgau mwaka 1544 alihubiri kwamba nyumba ile ni kwa ajili ya Neno la Mungu na majibu ya watu kwa sala na sifa. Kinachoifanya nyumba kuwa ya ibada ni kinachofanyika ndani yake, wala jiwe lenyewe halina utakatifu wa pekee. Kwa hiyo katika KKKT njia ni nyepesi kidogo kwa upande wa mafundisho, lakini hata huko ninaona ibada ya kuaga ni ya lazima, iwe imeandikwa kwenye katiba au la. Wazee wapewe siku yao. Wasome majina ya waliobatizwa humo, waimbe, watoe msalaba na kitabu kwa maandamano hadi kanisa jipya. Bila siku hiyo, kila ngoma itakayopigwa mle ndani itasikika masikioni mwa baadhi ya waumini kama kufuru, na hakuna mkataba utakaoondoa hisia hiyo.

Makaburi nayo yanahitaji neno moja. Kwa desturi Wachaga huzika kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la ukoo, kwa hiyo viwanja vya makanisa ya zamani mara nyingi vina makaburi machache tu, ya wamisionari, wachungaji wa mwanzo na watoto wao. Yasiguswe. Kuhamisha kaburi kuna sheria yake, ya mwaka 1969, na hakuna maegesho ya magari yanayostahili mgogoro huo.

Sheria ya mambo ya kale ina pengo

Watu husema jengo kongwe kama hili haliwezi kuvunjwa kwa sababu serikali inalilinda. Si kweli, au tuseme si kweli moja kwa moja. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Sasa hesabu. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890. Wamisionari wa Leipzig walianza Machame mwaka 1893 na Old Moshi mwaka 1896. Hakuna kanisa hata moja la mlima huu linaloingia katika ulinzi huo wa moja kwa moja.

Kinachobaki ni tangazo la waziri. Waziri mwenye dhamana anaweza kutangaza jengo lolote lenye umuhimu wa kihistoria kuwa kumbukumbu inayolindwa, na likishatangazwa, hakuna kulibomoa wala kulibadili bila kibali cha ofisi ya Mambo ya Kale. Hii ni kinga nzuri na pia ni mzigo, kwa kuwa kila dirisha utakalotaka kupanua litahitaji barua. Ningependa kikundi kinachoanza kizungumze na ofisi hiyo mapema hata kama hakiombi tangazo, kwani wataalamu wake wanaweza kueleza kipi ni cha kale katika jengo na kipi kiliongezwa mwaka 1974.

Upande wa sanaa, BASATA, baraza la sanaa la taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na afisa utamaduni wa halmashauri ndio wa kuwaona kuhusu usajili wa kikundi na vibali vya maonyesho. Zimamoto watakagua milango na vizimamoto. Na kodi: msamaha wa kodi ya majengo kwa nyumba za ibada umefungwa kwenye matumizi ya jengo, kwa hiyo mhasibu wa dayosisi aulizwe kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa.

Maji kwanza

Sasa tuingie ndani ya jengo lenyewe, na hapa nitakaa.

Adui wa kanisa la mawe ni maji, na Kilimanjaro ina maji mengi. Miinuko ya kusini, mahali misheni nyingi zilipojengwa, hupata mvua maradufu ya ile ya mjini, hasa wakati wa masika kuanzia Machi hadi Mei. Maji hayo yanaingia kwa njia tatu: juu kupitia bati lililotoboka na misumari iliyolegea, pembeni pale ambapo gata zimeanguka na mvua inapiga ukuta, na chini kutoka ardhini. Miaka mingi ya kufagia, kupanda maua na kumwaga kokoto imeinua ardhi ya nje hadi imezidi sakafu ya ndani, na unyevu unapanda ndani ya mawe kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi.

Kuta hizi za zamani zilijengwa zikiwa na uwezo wa kupumua. Mlima huu ni wa volkano, chokaa si jiwe lake, kwa hiyo mafundi wengi walishikisha mawe kwa udongo na kutumia chokaa kwenye viungo vya nje na lipu tu. Unyevu ulioingia ulitoka wenyewe siku za jua. Kisha akaja fundi wa miaka ya karibuni, akaona lipu ya chokaa inamong'onyoka, akaibandua na kupiga saruji. Juu yake nusu ukuta ikapakwa rangi ya mafuta, ile ya kahawia au bluu tunayoijua kwenye kila shule na zahanati. Ukuta ukazibwa. Maji hayawezi tena kutokea sehemu ya chini ya ukuta, yanapanda juu zaidi kutafuta njia, yanabeba chumvi, na chumvi ikikauka inatanuka na kuvunja uso wa jiwe. Udongo ulio katikati ya mawe unalainika. Kwa nje ukuta unaonekana mgumu na safi, na ndani unageuka tope. Ukigonga saruji ukasikia mlio wa utupu, ujue lipu imeshaachana na ukuta.

Ndiyo maana kwa mtu anayejali jengo, fedha za kwanza zinakwenda kwenye vitu visivyopigwa picha: kubadilisha bati zilizooza, kufunga gata na mabomba ya kushushia maji, kuchimba mfereji wenye mteremko kuzunguka jengo na kushusha ardhi ya nje chini ya sakafu. Kisha usubiri. Ukuta uliolowa miaka thelathini haukauki kwa mwezi mmoja, na kupaka lipu mpya juu ya ukuta unaotoka maji ni kutupa fedha.

Paa lenyewe likaguliwe na mtu anayejua mbao, si fundi maiko. Kenchi za zamani mlimani mara nyingi ni za mbao nzito za msituni ambazo leo hazipatikani dukani, kama mkulo, mti wenye harufu ya kafuri uliovunwa mno kwenye msitu wa Kilimanjaro. Mbao hizo huwa nzima katikati na zimeoza nchani tu, pale zinapokalia ukuta na kunyonya unyevu, au zimeliwa na mchwa sehemu hiyo hiyo. Si lazima kuzing'oa. Fundi mzuri anakata ncha iliyooza na kuunganisha kipande kipya kwa kuchongea na kufunga bolti. Ni kazi ya siku nyingi zaidi lakini inaokoa paa. Kama bati ni zile nene za kijivu za miaka ya kati ya karne iliyopita, zipimwe kama ni za asbesto kabla mtu hajaanza kuzivunja kwa nyundo.

Yeyote anayedhani ukaguzi wa namna hii ni anasa akumbuke Beit el Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili walipoteza maisha. Jengo kongwe huwa hatari zaidi pale tunapoanza kuligusa, kwa sababu tunaondoa kitu kilichokuwa kinashikilia kingine bila kujua. Mhandisi wa miundo alipwe, na mihimili ya muda isimamishwe kabla ya kubandua chochote.

Chokaa na kipupwe

Chokaa hutokana na kuchoma mawe ya chokaa, au matumbawe kama ilivyozoeleka pwani, kwenye joto la nyuzi 900 hivi. Hewa ya ukaa inatoka, inabaki chokaa hai. Ikikutana na maji inachemka kwa joto lake yenyewe, na inaweza kumpofusha mtu asiyevaa miwani. Ikishatulia na kuchanganywa na mchanga, inapakwa ukutani, na hapo inaanza kuivuta tena ile hewa ya ukaa kutoka angani, polepole, hadi inarudi kuwa jiwe. Polepole ndilo neno lenyewe. Lipu ya chokaa inapakwa kwa tabaka nyembamba, inanyunyiziwa maji na kufunikwa kwa magunia mabichi ili jua lisiikaushe kabla haijakomaa.

Kwa Moshi, majira yake ni kipupwe, Juni hadi Agosti, wakati mlima umejifunika mawingu na jua halichomi. Anayepaka chokaa Februari atapata nyufa, na anayepaka Aprili atashuhudia mvua ikiiosha. Ratiba ya mradi mzima iandikwe kutokana na hilo: paa na mifereji kabla ya masika, kuta zikauke, lipu wakati wa kipupwe, kazi iishe kabla ya vuli.

Kuna bahati nyingine ya eneo letu. Majivu fulani ya volkano, pozolana, yakisagwa na kuchanganywa na chokaa hufanya lipu ikaze hata penye unyevu. Warumi walijenga kwa mbinu hiyo. Pozolana hiyo inapatikana Holili, mwendo mfupi kutoka Moshi, na tumeizoea kama malighafi ya saruji. Mchanganyiko ujaribiwe kwanza kwenye kipande kidogo cha ukuta wa nyuma na uachwe kwa miezi, kwani kila jiwe lina tabia yake. Chokaa ya mfuko inayouzwa madukani kwa kupaka rangi itumike ikiwa mpya tu. Iliyokaa muda mrefu imeshavuta hewa ndani ya mfuko na haina nguvu tena.

Mkataba wa Venice wa 1964, ambao wahifadhi wa majengo duniani wanauchukulia kama msingi wa kazi yao, unasema jambo ninalolipenda: urejeshaji unakoma pale makisio yanapoanza. Kama hakuna picha inayoonyesha mnara ulikuwaje, usibuni mnara. Kama dirisha jipya linahitajika, lionekane ni jipya. Na mkataba huo huo unasema kulipatia jengo kazi yenye manufaa kwa jamii ni njia mojawapo ya kulihifadhi, ilimradi mpangilio na mapambo yake visibadilishwe. Watu wa sanaa wana haki ya kuutaja kwenye kikao.

Sauti itaamua shughuli

Kuta zikishapona ndipo swali la jukwaa linapokuja, na jibu linatoka kwenye mwangwi.

Mwaka 1895 mwanafizikia wa Harvard, Wallace Sabine, aliombwa arekebishe ukumbi mmoja wa mihadhara ambamo wanafunzi walikuwa hawamsikii mwalimu. Alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akawa anaiongeza na kuipunguza usiku kucha huku akipima sauti inakaa muda gani kabla ya kufifia. Alichogundua bado kinatumika: chukua ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.161, gawanya kwa kiasi cha unyonyaji wa sauti wa vitu vilivyomo. Jibu ni sekunde za mwangwi.

Chukua kanisa la mfano, urefu mita 20, upana mita 9, kimo cha wastani mita 7. Ujazo ni mita za ujazo 1,260. Likiwa tupu, na lipu, sakafu ya saruji na dari ya mbao, unyonyaji wake unaweza kuwa kama vipimo 60. Mwangwi unakuwa karibu sekunde 3.4. Waingize watu 150, na kila mmoja kwa nguo na mwili wake anaongeza karibu nusu ya kipimo kimoja. Mwangwi unashuka hadi sekunde 1.5 hivi. Tundika mapazia mazito ya mita za mraba 60, unafika karibu 1.3.

Namba hizo zinaeleza kwa nini kwaya inapendeza mle ndani na ngoma haipendezi. Uimbaji wa sauti nne unataka sekunde mbili au zaidi, sauti ziungane. Maneno ya mwigizaji na mshairi yanataka sekunde moja hivi, la sivyo silabi zinapandiana. Ngoma zikipigwa kwa kasi ndani ya sekunde 3 zinageuka kelele moja. Kwa hiyo nyumba hii izaliwe kuwa ya kwaya, ya maonyesho ya picha, ya madarasa, na michezo ya kuigiza ifanyike kwa mapazia yanayovutwa na mikeka inayokunjwa. Ngoma zipewe uwanja wa nje, ambako ndiko nyumbani kwake. Kufunika kuta kwa povu na mbao ili kumridhisha mtu wa disko ni kuharibu sauti ambayo fedha hazitaweza kuinunua tena.

Halafu kuna mvua. Bati tupu wakati wa masika huzima kila neno. Wengi hukimbilia dari ya jipsamu, na kenchi zote nzuri zinafichwa, unyevu unajifungia juu yake na popo wanapata makazi. Ni afadhali bati lipandishwe wakati wa ukarabati, mbao nyembamba zipigwe juu ya kenchi, tabaka la kuzuia joto na sauti liwekwe juu ya mbao hizo, kisha bati lirudi. Kenchi zinaonekana, mvua inapungua kelele. Vyoo, jiko na chumba cha mitambo vijengwe pembeni kama jengo dogo jipya, lisiloegemea ukuta wa zamani. Nyaya za umeme zipite kwenye mabomba ya juu ya ukuta badala ya kuchimbwa ndani ya mawe. Na mlango wa pili, unaofunguka kwa nje, utafutwe. Watu 150 na mlango mmoja ni hatari ambayo hakuna namna ya kuizunguka.

Historia isifutwe kwa rangi

Makanisa haya yaliinuka katika miaka migumu. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa hapo, pale Old Moshi pamoja na wenzake, miaka minne tu baada ya misheni kuanza huko. Katika jengo moja familia moja itaona mahali babu alipojifunza kusoma, na nyingine itaona ujirani wa karibu mno kati ya misheni na boma la wakoloni. Zote mbili zinasema kweli. Bruno Gutmann, mchungaji wa Old Moshi kwa miaka mingi, aliandika kwa kirefu sheria na mila za Wachaga na kitabu chake kikachapishwa Ujerumani mwaka 1926. Ujuzi ule ulitoka kwa wazee wa hapa, na wajukuu wao wengi hawajawahi kuusoma.

Nyumba ya sanaa ndiyo mahali pa kuyasema hayo. Kanisa la Kianglikana la Mkunazini, Zanzibar, lililojengwa kuanzia 1873 pale palipokuwa na soko la watumwa, limekarabatiwa na pembeni yake kikafunguliwa kituo cha maonyesho mwaka 2016 kinachoeleza biashara ile bila kuficha. Ibada bado inaendelea ndani. Moshi inaweza kuwa na chumba kimoja, sakristia ya zamani, chumba cha kuandalia ibada, kwa mfano, chenye picha za ujenzi, majina ya waliobeba mawe kama wazee bado wanayakumbuka, na sauti zao zilizorekodiwa kwa Kichaga na Kiswahili. Kazi hiyo ya kurekodi ianze leo, kwani paa linaweza kusubiri masika moja zaidi na mzee wa miaka 90 hawezi.

Bei ya harusi

Nimeacha fedha mwisho kwa sababu ndizo zinazoua miradi iliyofaulu. Ukarabati hupata wafadhili, wanakijiji walioko Dar es Salaam huchanga, dayosisi huongeza. Baada ya uzinduzi unabaki umeme, mlinzi, maji, na chokaa ya kupaka upya kila baada ya miaka michache. Kwaya haiwezi kulipa hayo. Anayeweza ni bwana harusi. Send-off, kichen pati, ubatizo, kipaimara: Desemba mlimani, Wachaga wote wakiwa wamerudi nyumbani, ukumbi wowote wenye paa unajaa. Kamati inakubali harusi moja, kisha tatu, na baada ya miaka miwili kalenda haina Jumamosi ya msanii hata moja, spika za harusi zinatikisa lipu, na vijana wamerudi uwanja wa shule.

Kukataa harusi zote ni kujidanganya. Kinachowezekana ni kuandika ndani ya mkataba ule ule wa pango idadi ya juu ya sherehe kwa mwaka, kiwango cha sauti, saa ya kufunga, na msimamo kuhusu pombe, mbege ya ndizi ikiwemo, kwa maneno yasiyo na utata, kwani hilo ndilo litakalowagombanisha na usharika kabla ya jambo lingine lolote. Mapato ya sherehe yaingie akaunti ya matengenezo peke yake. Jioni za katikati ya wiki, ambazo hakuna bwana harusi anayezitaka, ziwe za wasanii kwa ada ndogo isiyopandishwa bila kikao.

Na kuna mapato mengine yasiyo ya tiketi. Vijana sita au saba wa vyuo vya ufundi vya VETA wakishiriki ukarabati chini ya fundi anayejua chokaa, mkoa utakuwa umepata mafundi ambao leo ni adimu. Stesheni ya reli ya Moshi, majengo ya zamani ya vyama vya ushirika wa kahawa, nyumba za misheni zilizobaki: yote hayo yanasubiri mikono inayojua kutofautisha ukuta unaohitaji saruji na ukuta unaouawa nayo. Kikundi kinachosimamia kanisa moja kikiwaweka vijana hao pamoja, kikawatafutia kazi inayofuata na kuchukua asilimia ndogo kwa ajili ya gata na rangi ya chokaa, hesabu zake za mwaka zitasomeka tofauti kabisa.